Kutoka PPF, LAPF, PSPF na GEPF hadi mfuko mmoja: jinsi ya kuhakikisha kila mwezi uliochangia unahesabiwa

Kama una kadi ya PPF, LAPF, PSPF au GEPF, mifuko ya zamani ya pensheni Tanzania, kwenye bahasha kabatini, mwongozo huu unakuhusu. Mifuko hiyo minne iliunganishwa kuwa PSSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii kwa watumishi wa umma, kwa Sheria Na. 2 ya mwaka 2018, na PSSSF ikaanza kazi tarehe 1 Agosti mwaka huohuo. NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, ikabaki kuhudumia sekta binafsi na waliojiajiri. Mali, madeni, majengo na wanachama vilihama kwa nguvu ya sheria, lakini kumbukumbu huhama faili kwa faili na namba kwa namba. Pale ambapo jina lako liliandikwa kwa namna mbili, mfumo mpya unaona watu wawili, kila mmoja na nusu ya michango.

Wengi hugundua pengo wakiwa wamebakiza miezi miwili kustaafu, wakati mhasibu wa zamani ameshafariki na kampuni imefungwa. Kazi hii inafaa kufanywa ukiwa na miaka 40 au 45, ukiwa bado unawajua watu wa kuwauliza. Ukiwa tayari na 58, anza wiki hii.

Mwezi mmoja una thamani gani

Tuanze na hesabu, maana bila kuiona hesabu mtu hachoki kusema "nitafuatilia mwezi ujao". Kikokotoo kilichoanza kutumika tarehe 1 Julai 2022 huchukua idadi ya miezi uliyochangia, kikaizidisha kwa wastani wa mshahara wako wa mwaka (miaka mitatu mizuri zaidi ndani ya kumi ya mwisho), kisha kikagawa kwa 580. Jibu ndiyo pensheni kamili ya mwaka. Kwa kanuni za 2022, asilimia 33 yake huzidishwa kwa 12.5 na kulipwa kwa mkupuo, na asilimia 67 hugawanywa kwa 12 na kulipwa kila mwezi.

Chukua mtu mwenye wastani wa shilingi milioni 12 kwa mwaka, yaani milioni moja kwa mwezi. Akipoteza miezi 12 tu kwenye kumbukumbu, pensheni yake kamili inapungua kwa shilingi 248,276 kwa mwaka. Kwenye mkupuo hiyo ni shilingi 1,024,138. Kwenye pensheni ya mwezi ni shilingi 13,862, kila mwezi, hadi mwisho wa maisha yake. Asilimia za mkupuo zilipandishwa kwenye bajeti ya 2024/25, kwa hiyo uliza asilimia inayokuhusu siku ya kustaafu kwako. Mgawanyo ukibadilika, ule mwaka uliopotea unaendelea kukukata pande zote mbili.

Kuna jambo zito zaidi ya hilo. Pensheni ya uzee inahitaji miezi isiyopungua 180, sawa na miaka 15. Mwenye 181 na mwenye 176 wametofautiana miezi mitano, lakini wa pili hapati pensheni ya kila mwezi kabisa.

Jua kwanza uko mfuko gani leo

Usikisie, na usitegemee kadi ya zamani. Chukua salari slipu yako ya mwezi uliopita na utazame makato.

PSSSF hukata asilimia 5 ya mshahara wa msingi, na mwajiri huongeza asilimia 15. Msingi ukiwa 800,000 utaona makato ya 40,000, na mwajiri anatakiwa kupeleka 120,000 juu yake. NSSF huhesabu kwenye mshahara ghafi, yaani pamoja na posho zinazoingia kwenye malipo yako. Jumla ni asilimia 20, na sehemu ya mfanyakazi haizidi asilimia 10. Ghafi ikiwa 800,000, makato yako ni 80,000 na jumla inayokwenda ni 160,000. Kwa hiyo hata kama slipu imeandika "pensheni" bila kutaja mfuko, hesabu itakuambia.

Mfanyakazi wa kampuni binafsi aliyeanzia PPF anaweza kukuta michango yake ya sasa inakwenda NSSF. Wapo pia watu wa mashirika ya umma walioanzia NSSF na wakabaki huko. Hali zote mbili ni halali. Kinachotakiwa ni wewe kujua, kwa maandishi, kila kipindi kiko wapi.

Kundi la tatu ni wazee waliostaafu serikalini zamani, kabla PSPF haijaanza kulipa. Hao hulipwa na Hazina moja kwa moja na uhakiki wao, yaani kuthibitisha kwamba mstaafu bado yu hai, ni wa Hazina. Kila mara yupo mzee anayepanga foleni ya PSSSF tangu asubuhi na kuambiwa saa sita kwamba jina lake halipo, kumbe siyo mstaafu wa pale. Tazama maelezo ya muamala kwenye taarifa ya benki: yanamtaja anayelipa.

Bahasha moja

Weka kila kitu mahali pamoja. Nakala mbili za kila karatasi, na picha safi kwenye simu, ambazo pia umemtumia mtoto au ndugu unayemwamini.

- Kitambulisho cha NIDA au namba yake. Ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku yako ya kuzaliwa. Zisome sasa hivi.
- Barua ya ajira ya kwanza na barua ya kuthibitishwa kazini.
- Barua za kupanda daraja na za uhamisho, hasa uhamisho kutoka halmashauri kwenda serikali kuu au kinyume chake.
- Kadi au namba ya uanachama ya kila mfuko uliowahi kuwamo.
- Salari slipu. Usitupe hata moja. Zikiwa chache, tafuta angalau ya Januari na ya Julai ya kila mwaka, kwa kuwa nyongeza za mishahara serikalini huanza Julai na kwingi sekta binafsi huanza Januari.
- Barua ya kuacha kazi au kusitishwa mkataba kwa kila mwajiri.
- Cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na cheti chako mwenyewe.

Kilichopotea, chukua taarifa ya upotevu polisi kwanza, ndipo uende kwa aliyekitoa. Vyeti vya kuzaliwa, ndoa na vifo ni RITA.

Kaunta buku

Hapa ndipo kazi yote inasimama au inaanguka. Nunua kaunta buku ya kwaya mbili. Kila ukurasa upe mwaka mmoja. Chora mistari 12 ya miezi na safu sita: mwajiri, mfuko, namba ya uanachama uliyotumia, mshahara, makato yako, na safu ya mwisho iache wazi, uandike juu yake "mfumo unasema".

Jaza kwa penseli kutoka kwenye slipu. Usichokuwa na ushahidi nacho, andika alama ya kuuliza. Ukimaliza, utakuwa na picha ambayo hakuna ofisa yeyote anayo: maisha yako ya kazi, mwezi kwa mwezi, na waajiri wote.

Kwa mfano, ukurasa wa 2011 unaweza kuonyesha Januari hadi Aprili kampuni ya ulinzi Ubungo (NSSF), Mei bila kazi, Juni hadi Desemba shirika la umma Posta (PPF). Miezi 11 ya kazi, mifuko miwili, namba mbili. Mtu akiisimulia kwa mdomo atasema "2011 nilikuwa PPF", na miezi minne ya mwanzo itakuwa imeondoka.

Waliokuwa serikalini kabla ya 1999 watakutana na ukurasa mtupu, na wengi huogopa bure. Watumishi wa serikali kuu walianza kuchangia PSPF tarehe 1 Julai 1999. Kabla ya hapo hapakuwa na makato, na pensheni ilikuwa mzigo wa serikali yenyewe. Miaka hiyo ya nyuma inahesabika kwa utumishi. Ushahidi wake ni barua ya ajira na barua ya kuthibitishwa, ndiyo maana karatasi hizo mbili zina uzito kuliko slipu zote. Ukurasa wa 1994 usio na mchango hauna kasoro. Ukurasa wa 2003 usio na mchango una kasoro.

Chukua taarifa ya mfuko, ulinganishe

PSSSF ina programu ya simu iitwayo PSSSF Kiganjani na akaunti ya mwanachama mtandaoni. NSSF nayo ina huduma zake za mwanachama mtandaoni. Asiye na simu janja ajaribu menyu ya serikali *152*00#, au aende dirishani na kitambulisho. Wa NSSF Dar es Salaam aende ofisi ya mkoa wa kazi inayomhudumia mwajiri wake, kama Ilala, Temeke au Kinondoni, kwa kuwa faili la mwajiri liko huko. Kwenda makao makuu moja kwa moja mara nyingi humaanisha kurudishwa.

Omba taarifa yenye mwezi, kiasi na jina la mwajiri. Usikubali ile ya jumla inayosema tu "michango yako ni milioni kadhaa", maana hiyo haikuonyeshi tundu liko wapi. Ukishaipata, kaa na kaunta buku, ujaze ile safu ya mwisho. Mwezi uliolingana weka tiki, usiolingana uzungushie duara jekundu.

Angalia pia kiasi. Kuna mwezi unaoonekana umelipwa, lakini kwa mshahara wa zamani kabla hujapandishwa daraja. Kwa kuwa kikokotoo kinatazama miaka mitatu mizuri ndani ya kumi ya mwisho, kosa la kiasi kwenye miaka hiyo linaumiza kuliko la miaka ya mwanzo. Kumi ya mwisho ikague kwa shilingi, ya nyuma zaidi ikague kwa miezi.

Maduara mekundu yanatoka wapi

Pengo huwa na chanzo chake, na kila chanzo kina mlango wake. Ukibisha mlango usio wake utapoteza miezi.

*Mwajiri alikata lakini hakupeleka.* Hili ndilo kubwa na linauma kuliko yote, kwa sababu mfanyakazi ameshatoa sehemu yake. Sheria inamtaka mwajiri awasilishe ndani ya mwezi mmoja baada ya mwezi wa mshahara kwisha, na akichelewa anatozwa adhabu. Mlango ni kitengo cha matekelezo cha mfuko, kinachowafuatilia waajiri wasiopeleka michango. Peleka slipu zinazoonyesha makato. Slipu yenye makato ni ushahidi kwamba deni ni la mwajiri. Wakienda wafanyakazi kumi wa mwajiri mmoja na barua moja, ofisa matekelezo anafungua jalada la mwajiri badala ya kushughulikia malalamiko ya mtu mmoja mmoja. Tunashauri sana kwenda pamoja.

*Fedha zilifika bila orodha, au kwa namba isiyo yako.* Mwajiri hulipa kwa mkupuo na kuambatanisha orodha ya wachangiaji. Tarakimu moja ikikosewa, mchango wako unaingia kwa mtu mwingine au unabaki kwenye fungu la michango isiyotambuliwa. Dalili yake ni wazi: wenzako wa ofisi moja wameonekana mwezi huo, wewe peke yako hupo. Mwombe mhasibu nakala ya orodha ya mwezi husika na risiti ya malipo, uzipeleke pamoja. Bila orodha hiyo ofisa hana pa kuanzia.

*Una namba mbili.* Hutokea kwa aliyebadili mwajiri na kusajiliwa upya. Andika barua ya kuomba namba ziunganishwe, taja zote mbili na vipindi vyake. Baada ya hapo kagua tena kwamba miezi ya namba iliyofungwa imehamia kwenye iliyobaki. Usiishie kwenye kauli ya "tumeshaunganisha".

*Ulijitoa.* Miaka ya nyuma wengi walichukua michango yao yote walipoacha kazi. Miezi uliyolipwa imekwisha na haiwezi kuhesabiwa tena. Fao la kujitoa liliondolewa; sasa aliyeachishwa kazi, akitimiza masharti, hupata fao la upotevu wa ajira, asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita. Kama ulichukua 2009, andika hivyo kwenye daftari bila kujificha, ili usije ukajenga matumaini ya miezi 180 juu ya miezi ambayo haipo.

*Mwajiri hayupo tena.* Kwa mashirika ya umma yaliyobinafsishwa au kufungwa, nyaraka zilipita PSRC (tume iliyosimamia ubinafsishaji), kisha CHC (shirika lililoirithi), na majukumu ya CHC yakaishia kwa Msajili wa Hazina. Andika huko, utaje jina la shirika kama lilivyokuwa wakati huo, kitengo chako na namba yako ya utumishi. Kwa kampuni binafsi, tafuta BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, kama bado imesajiliwa na wakurugenzi ni nani, na uulize chama cha wafanyakazi kilichokuwa hapo. Wenzako wa zamani wana hazina kubwa kuliko unavyodhani. Slipu ya mwenzako wa mwezi uleule huonyesha kwamba kampuni ilikuwa inakata na kupeleka.

Barua ya kuomba marekebisho iwe fupi. Ofisa anasoma nyingi kwa siku, na anayotafuta ni namba, mwezi na kiambatisho:

> Yah: Michango isiyoonekana, Namba ya Uanachama ............
>
> Tafadhali rejea somo hapo juu. Nilikuwa mwajiriwa wa ............ kuanzia ............ hadi ............ . Katika taarifa ya michango niliyochukua tarehe ............, miezi ifuatayo haionekani: Machi, Aprili na Mei 2014, Novemba 2015 (jumla miezi minne).
>
> Naambatanisha salari slipu za miezi hiyo zinazoonyesha makato, barua ya ajira na nakala ya kitambulisho cha NIDA. Naomba miezi hiyo iingizwe na nijulishwe kwa maandishi.

Peleka nakala mbili. Moja igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, urudi nayo nyumbani. Andika nyuma yake jina la aliyepokea na namba ya dirisha. Barua isiyo na muhuri, kiofisi, haikuwahi kufika.

Majina na tarehe ya kuzaliwa

Ukitazama madai yanayokwama, sababu kubwa huwa ni herufi. Mwanaidi kazini, Mwanaid NIDA. Majina matatu benki, mawili kwenye mfuko. Mama aliajiriwa kwa jina la baba yake, akaolewa, akajisajili NIDA kwa jina la mume. Mfumo wa zamani ulikuwa na karani aliyemjua mama huyo kwa sura. Mfumo wa sasa unalinganisha na NIDA na kukataa.

Andika kwenye ukurasa wa mwisho wa kaunta buku jina lako kama lilivyo kwenye vyombo sita: NIDA, cheti cha kuzaliwa, barua ya ajira, slipu, mfuko, benki. Herufi kwa herufi. Tofauti ndogo ya tahajia kwa kawaida hutatuliwa kwa hati ya kiapo kwa wakili au mahakamani, inayosema majina hayo yote ni ya mtu mmoja. Jina lililobadilika kabisa huhitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa kwa Msajili wa Hati. Uliza mfuko unataka ipi kabla hujalipa wakili, maana watu hutengeneza kiapo kisha wakaambiwa si hicho.

Tarehe ya kuzaliwa ni ngumu zaidi. Serikalini, tarehe uliyojaza ulipoajiriwa mara ya kwanza ndiyo inayotawala tarehe yako ya kustaafu. Kama NIDA ina tarehe nyingine, anza kwa kumwona ofisa utumishi wako upate barua inayothibitisha tarehe iliyo kwenye jalada, kisha uende ofisi ya NIDA ya wilaya yako kuomba marekebisho. Ukianzia NIDA bila barua utarudishwa. Na kamwe usijaribu kujipunguzia miaka wakati huu. Tofauti hiyo ndiyo huonekana kwanza, na jalada zima linasimama.

Kuunganisha vipindi

Una vipande viwili au vitatu vilivyo safi, kila kimoja kwenye mfuko wake. Sheria za hifadhi ya jamii Tanzania zinaruhusu vipindi vya mifuko tofauti kujumlishwa ili mtu atimize masharti ya pensheni. Mfano: PPF miezi 92, NSSF miezi 61, PSSSF miezi 40. Hakuna kipande kinachofika 180, lakini jumla ni 193.

Mambo matatu hukwamisha hapa. La kwanza ni vipindi vinavyogongana: ukionekana umechangia mifuko miwili mwezi mmoja, mwezi huo hauhesabiwi mara mbili, na mfumo unaweza kusimama hadi utoe maelezo. La pili ni kukosa tarehe ya kumaliza kazi ya kwanza. Mwajiri wa zamani hakuwahi kuujulisha mfuko kwamba uliondoka, kwa hiyo bado unasomeka kama mwajiriwa wake. Barua ya kuacha kazi ndiyo dawa. La tatu ni kusubiri. Watu huomba muunganiko siku wanayopeleka dai, ndipo mifuko miwili inaanza kuandikiana. Andika kwenye mfuko uliopo sasa, ambatanisha taarifa za mifuko ya zamani, na ufanye hivyo angalau mwaka mmoja kabla.

Ukijumlisha ukakuta 171, hujachelewa kama bado uko chini ya miaka 60. Kustaafu kwa hiari ni miaka 55 na kwa lazima ni 60. Anayefikiria kuondoka na 55 akiwa na 171 anatakiwa abaki miezi tisa.

Aliyekwisha kustaafu

Mstaafu wa PPF, LAPF, PSPF au GEPF alihamishiwa PSSSF bila kuomba. Kazi yake iliyobaki ni uhakiki, na akiukosa pensheni husimamishwa. Kusimamishwa si kufutwa, akihakikiwa hurejeshwa. Lakini mzee asiye na pensheni kwa miezi miwili anakopa dawa, na hilo halipaswi kutokea kwa ajili ya alama ya kidole.

Uhakiki kwa simu kupitia PSSSF Kiganjani unafanyika nyumbani, kwa sura au kidole, na hauna haja ya kumpandisha mtu mzima mwendokasi kutoka Kimara hadi Posta. Mkalishe mzee akitazama mlango au dirisha, mwanga umpige usoni. Mwanga ukitoka nyuma, uso unakuwa kivuli na simu inakataa. Avue miwani na kofia, mtandio urudi nyuma ya paji la uso. Futa kioo cha kamera kwa kitambaa, maana mafuta ya vidole hufanya picha iwe na ukungu. Simu ishikwe usawa wa macho yake, na mwambie afuate maelekezo taratibu, hasa kufumba na kufumbua macho.

Kwa kidole, tatizo ni ngozi. Mama aliyefua na kulima miaka 50 mistari ya vidole imelainika. Anawe mikono kwa maji ya uvuguvugu, akauke vizuri, apake mafuta kidogo sana na kuyafuta, kisha ajaribu kidole kingine. Kidole gumba mara nyingi ndicho kilichochoka zaidi. Vikikataa vyote, nenda kwa sura au dirishani. Usiendelee kujaribu mara ishirini.

Kwa aliyelala kitandani, ndugu aende ofisi ya mfuko na barua ya daktari na barua ya serikali ya mtaa, aombe maofisa wamfikie mgonjwa. Ombi hili ni la kawaida, usione aibu kulitoa.

Namba ya simu ya mstaafu iwe yake mwenyewe, imesajiliwa kwa NIDA yake. Ikiwa ya mjukuu, siku mjukuu akibadili laini ujumbe wa uhakiki hautafika. Na kwa kuwa taarifa za wastaafu huvutia matapeli, waambie wazee neno moja: hakuna malipo ya kufungua faili, kuharakisha mkupuo wala "kuhamishia mfumo mpya". Anayepiga na kutaka fedha au namba ya siri ni mwizi. Namba yake itumwe kwa ujumbe kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli, na akijitambulisha kama ofisa anayetaka rushwa, piga TAKUKURU 113.

Mjane, mgane na watoto

Mstaafu au mchangiaji aingize majina ya mwenza na watoto kwenye mfumo akiwa hai. Wategemezi walioandikwa kwenye fomu ya LAPF mwaka 2006 huenda hawakuhama vizuri, na watoto waliozaliwa baadaye hawakuwemo. Kagua, ongeza, ambatanisha vyeti.

Kifo kikitokea, njia ni hii: kibali cha mazishi, cheti cha kifo RITA, kikao cha ukoo chenye muhtasari uliosainiwa, kisha mahakama ya mwanzo. Ombi hujazwa Fomu Na. I, na msimamizi akiteuliwa hupewa Fomu Na. IV. Jina la marehemu kwenye cheti cha kifo lifanane na la mfuko. Ndugu mwenye huzuni humtajia karani jina la mtaani, na familia inahangaika kwa ajili ya neno hilo. Mpeni anayekwenda RITA nakala ya kitambulisho cha marehemu, asitegemee kumbukumbu.

Kupeleka dai

Miezi sita kabla ya tarehe ya kustaafu, chukua taarifa mpya ya michango na uikague mara ya mwisho. Miezi mitatu kabla, hakiki akaunti ya benki: iwe hai, iwe na jina la NIDA, na isiwe ya pamoja na mtu mwingine. Wasaidizi wa ofisi ya utumishi wakukamilishie barua ya kustaafu na taarifa ya mishahara ya mwisho. Mwezi wa mwisho wa mchango ndio huchelewa, kwa sababu mwajiri huupeleka baada ya wewe kuondoka. Mfuatilie mhasibu hadi uuone kwenye mfumo, kwa kuwa dai lisilo na mwezi huo husomeka halijakamilika.

Kisheria mfuko una siku 60 za kulipa, na siku hizo huhesabiwa tangu dai lilipokamilika. Omba uthibitisho wa tarehe hiyo, kwa ujumbe au kwa karatasi. Mtu anayesema "nimepeleka Machi" wakati mfumo unasema dai lilikamilika Juni hana hoja.

Ukikwama

Panda ngazi moja moja, kwa maandishi, ukiambatanisha nakala zote zenye muhuri: ofisa, meneja wa mkoa au kanda, Mkurugenzi Mkuu wa mfuko, kisha Ofisi ya Waziri Mkuu inayoshughulikia kazi na ajira. Mfumo wa serikali wa e-Mrejesho nao hupokea malalamiko na kukupa namba ya kufuatilia. Kila barua itaje ile iliyotangulia na tarehe yake. Kaunta buku nenda nayo kila mara, lakini usimwachie mtu. Piga nakala za kurasa zenye maduara mekundu, uache hizo.